Mbuzi ya Kukunia Nazi na Magoti ya Mama

Mama yangu alishindwa kunyanyuka kwenye kiti cha plastiki mbele ya watu kama sitini hivi, na kati yetu wawili aliyeona aibu zaidi ni mimi.

Ilikuwa Jumamosi, Ngamiani, Tanga, kwenye ukumbi wa madrasa. Kikundi cha wazee wa mtaa kilikuwa kimeandaa semina za afya ya uzeeni, Jumamosi nne mfululizo, saa tatu asubuhi, chai ipo na vitumbua vipo. Mi nilikuwa likizo nimetoka Dar, dada yangu mkubwa akanipigia akasema mpeleke mama, usikae tu hapo kuchezea simu, nikampeleka. Nesi anayefundisha ni binti wa kama miaka thelathini, ana sauti ya kuuzia samaki sokoni, mcheshi, akasema wazee wangu leo tunapima miguu. Unakaa kwenye kiti, unakunja mikono kifuani, ukisikia filimbi unasimama wima, unakaa, unasimama, unakaa, nusu dakika. Hamna kushika popote.

Mama akajisukuma mbele, akarudi. Akajaribu tena, akacheka, akasema kiti chenyewe kimelegea. Mara ya tatu akashika goti ndo akainuka, nesi akamwambia taratibu kabisa, basi mama yangu, tumeona, halafu akamgeukia mwenzake mwenye daftari, andika sifuri. Sifuri! Nilitamani nimnyang'anye kalamu. Kumbe ndo sheria ya kile kipimo, ukishika hesabu inafutika.

Pembeni ya mama alikuwa ameketi bi mkubwa mmoja anayeuza vitumbua barabara ya pili kutoka pale, ndo hata vile vya chai alivipika yeye. Amemzidi mama miaka kama minane, mwembamba kama fito, jino moja moja. Yule aliinuka mara kumi na moja, na ya kumi na mbili ilikuwa njiani filimbi ikalia. Ukumbi mzima makofi.

Kwenye bajaji mama kimya. Tulipokaribia nyumbani Makorora ndo akasema, wala hakuniangalia, "Yule anachuchumaa jikoni toka alfajiri. Mimi nachuchumaa wapi?"

Hiyo sentensi ilinikosesha usingizi. Nikawa nimelala naangalia dari nahesabu vitu nilivyomletea mama tangu nianze kushika hela.

Cha kwanza sofa. Zamani ile sebule ilikuwa na mkeka na magodoro membamba ya kuegemea ukutani, mama alikuwa anakaa kitako anachambua mchele, mgeni akija anainuka, anakwenda kumwekea chai, anarudi anakaa kitako. Nikaona mkeka ni umaskini, nikaleta sofa za Dar, zile za kuzama, yani ukikaa unahitaji mtu wa kukuvuta. Halafu blenda. Mama alikuwa na mbuzi yake ya mvule aliyopewa na mama yake, unaikunjua, unaikalia chini kabisa karibu na sakafu, unakuna nazi mbili tatu kila siku kwa ajili ya wali na mchuzi, halafu unainuka na sinia mkononi kwenda kukamua tui kwenye kifumbu. Nikasema mama yangu hawezi kukuna nazi kwa mkono karne hii, nikanunua blenda, mbuzi ikatupwa stoo. Halafu binti wa kazi kutoka Lushoto, mtoto mzuri tu mwenye heshima, mama akiinua ndoo anakimbia, bibi acha, akishika ufagio, bibi acha. Halafu boda wa mtaani, huyo nilimpanga mimi mwenyewe, kila Jumatano na Jumapili anampeleka sokoni na kumrudisha, mi namlipa kwa simu. Mwendo ambao zamani alikuwa anautembea na kapu lake, anasimama kila nyumba kusalimia. Choo pia, tukabomoa cha kuchuchumaa tukaweka cha kukaa.

Kila kitu nilikitoa kwa moyo mweupe. Na majirani walinisifu, mwanao anakutunza wallahi. Ukivipanga vyote kwenye mstari unaona nilichokuwa nafanya ni kumkalisha mama yangu chini kidogo kidogo, kwa awamu, na risiti ninazo.

Sasa hapa ndo nina ugomvi na semina, si kwa ubaya, nesi ni mzuri na ningemrudia kesho. Ila zinaongea na wazee. Mzee fanya mazoezi, mzee tembea, mzee punguza chumvi. Kwetu huku nani kamuachia mzee aamue? Mchuzi anapika binti, hela ya sokoni inatoka Dar, mzee akisema anakwenda kwa miguu mpaka Mkwakwani kuangalia mpira watoto wanaitana kwenye kundi la simu, nani kamruhusu baba kutoka. Heshima yetu ndo hiyo. Kaa mama. Pumzika baba, umefanya kazi sana. Hata ukiwa umebeba kimfuko cha vitunguu viwili kijana anakunyang'anya kwa heshima. Kwahiyo wangetuita sisi watoto tukalie vile viti vya plastiki tuambiwe ukweli.

Usiku ule nikaanza kusoma. Kuna utafiti wa Marekani uliochapishwa 2007, walichukua wazee wachache wenye afya zao, umri kama miaka 67 hivi, wakawalaza kitandani siku 10 tu, mtu haumwi chochote, amelala anakula. Wakatoka pale wamepoteza karibu kilo nzima ya nyama ya miguuni. Siku kumi! Mi mama nimemkalisha miaka sita. Nyama ya mwili huanza kupungua taratibu hata kabla hujaota mvi, na ukishavuka sitini inakimbia zaidi, na ile inayokwenda mbio ni ya mapaja, ambayo ndo inakunyanyua chooni.

Halafu nikakuta kingine kikanipa moyo. 1990 daktari mmoja anaitwa Maria Fiatarone na wenzake, huko Boston, walikwenda kwenye nyumba ya kulelea wazee, wakachukua watu kumi wenye umri wa kama miaka 90, dhaifu, wengine wanatembea na fimbo, wakawafanyisha mazoezi ya kuinua uzito kwa miguu wiki 8. Nguvu zao zikaongezeka kwa wastani wa asilimia 174. Watu wa miaka tisini! Nikamuamsha mama saa tano usiku kumwambia, akaniuliza umenikatizia usingizi kwa ajili ya wazungu wa Boston.

Mama ni mtu wa swala, na hapo ndo nikaona kitu kingine. Rakaa za faradhi kwa siku ni 17, maana yake mtu anashuka chini kwenda sijda na kurudi mara kumi na saba bila kuhesabu sunna. Gym gani itakupa hiyo bure? Mama alianza kuswali kwenye kiti miaka mitatu iliyopita. Nikamuuliza kwa upole, ulianza kwa sababu hukuweza au kwa sababu kiti kilikuwepo. Akafikiri. Akasema goti lilimuuma wiki moja kipindi cha mvua, akaletewa kiti, goti likapona, kiti kikabaki. Mwenye udhuru ana ruhusa na Mungu ni mwepesi kuliko sisi, sisemi watu waache viti. Ila kuna viti vimekuja na ugonjwa, ugonjwa ukaondoka vyenyewe vikabaki.

Na lile goti lenyewe lina historia. Alikwenda kituo kimoja cha afya ambacho sikitaji, akaambiwa huo ni uzee tu mama, akapewa diklofenaki, vidonge vya maumivu. Zikaisha akawa anajinunulia duka la dawa, miezi na miezi, huku anameza na za presha. Jumamosi ya presha nesi akauliza nani anatumia vidonge vya maumivu kila siku, mikono ikapanda mpaka nikaogopa. Akasema hizo dawa zinapandisha presha na zinaumiza figo, wewe unameza kidonge cha kushusha asubuhi, mchana unameza cha kupandisha, halafu unamlaumu mchawi. Watu walicheka, mama hakucheka. Jumatatu tulikwenda kwa daktari dirisha la wazee akabadilishiwa utaratibu. Kama mzazi wako amefika 60 na hana kitambulisho cha mzee cha matibabu mfuatilie serikali ya mtaa, Sera ya Taifa ya Wazee toka 2003 inahesabu uzee kuanzia umri huo, kwahiyo asikuambie mtu kwamba bado.

Hiyo siku ya presha ilikuwa na mambo mengi. Cha kuogopa ni namba ya juu ikifika 140 au ya chini ikifika 90, na usipimwe umefika sasa hivi unahema, kaa dakika tano kwanza, mkono uwe usawa wa moyo. Chumvi, kiwango cha Shirika la Afya Duniani ni chini ya gramu 5 kwa siku, nesi akashika kijiko cha chai akasema hiki, kimoja, siku nzima, pamoja na iliyojificha. Kwetu Tanga imejificha wapi? Kwenye ng'onda. Kwenye papa mkavu, kwenye achari ya embe, kwenye vile vidonge vya mchuzi. Mzee mmoja akasimama akasema binti, ukinitoa papa umenitoa duniani, sasa hayo maisha marefu nitayaishi na nini. Wakaelewana aloweke usiku, maji amwage asubuhi, na iwe mara moja moja.

Wazee wa Tanga ukiwapeleka semina ujue umeyataka. Jumamosi ya tatu nesi alileta projekta, akaonyesha yale maeneo matano ya dunia yanayosifiwa watu kuishi sana, Okinawa kule Japani, Sardinia Italia, Ikaria Ugiriki, Nicoya Kosta Rika, na Loma Linda Marekani. Wanakula maharage na mboga, wanalima, wanatembea vilima, wale wa Okinawa wana msemo wa kuacha kula tumbo likifika thamanini kwa mia. Mjomba mmoja nyuma, kofia ya kiua, akanyoosha fimbo. Akauliza hao wenye miaka mia na kumi, vyeti vyao vya kuzaliwa nani aliviona? Kwa sababu mimi, akasema, kitambulisho changu kimeandikwa Januari mosi na si Januari mosi, mama yangu aliniambia nimezaliwa mwaka mkonge ulipopanda bei. Wenzake wakaanza, mimi vita vya Hitla vimekwisha, mimi uhuru unakuja nilikuwa nachunga mbuzi. Dakika kumi semina imekuwa sensa.

Nesi alibaki anacheka. Lakini swali la mjomba ni swali la wasomi. Mtafiti mmoja wa London, Saul Newman, 2024 alipewa ile tuzo ya utani ya Ig Nobel kwa kazi yake ya kuonyesha kwamba sehemu nyingi zinazosifika kwa wazee wa miaka mia na zaidi ni zile zenye kumbukumbu mbovu za vizazi, na Marekani majimbo yalipoanza kuandikisha vizazi sawasawa idadi ya hao wa miaka mia na kumi ikaporomoka. Upande wa pili, wanaoyatetea yale maeneo matano, nao wanajibu kwamba wao walikagua vyeti kimoja kimoja. Vyovyote iwavyo. Kwa mkonge kupanda bei, ilikuwa kipindi cha vita ya Korea, 1950 na 1951, kwahiyo mjomba hesabu yake ipo vizuri kuliko kitambulisho chake.

Mwenye cheti cha uhakika kuliko wote ni yule bibi wa Ufaransa, Jeanne Calment, alizaliwa 1875 akafariki 1997 ana miaka 122, na inasimuliwa alipanda baiskeli mpaka miaka mia. Mji wetu ni mji wa baiskeli, unaweza kufikiria makofi yaliyopigwa hapo. Nilivyosoma nyumbani nikakuta alikuwa mvutaji sigara pia mpaka uzee wake mkubwa, hilo nimelificha, mjomba anavuta.

Swali la dawa lilikuwepo bila shaka, kuna watu wanapita mitaani na makopo ya virutubisho vya kurefusha maisha, kopo moja bei ya mbuzi mwenye miguu minne. Nesi akajibu kwa kifupi hakuna kidonge kilichothibitishwa kumuongezea binadamu miaka ya kuishi, hela hiyo nunua mayai, maharage na dagaa, mzee anahitaji hivyo ili misuli ishike. Na supu ya pweza? Kunyweni, akasema, ila msiniulize mengine hapa mbele ya mama zangu.

Jumamosi ya mwisho ilikuwa macho na masikio na usahaulifu. Ilinigusa kwa sababu ya baba mdogo. Alikuwa mtu wa baraza, kahawa chungu na kashata, bao, ubishi wa mpira wa Coastal na African Sports mpaka usiku, halafu pole pole akaacha kutoka, tukasema amekuwa mkali, uzee umempa hasira. Nesi akasema mzee asiyesikia vizuri anachoka kuuliza mara tatu tatu, anaona bora akae ndani, na watu wanamuita mkali. Nikajisemea Mungu wangu. 2024 jopo la jarida la Lancet lilitaja mambo 14 yanayochangia ugonjwa wa kusahau, yakishughulikiwa karibu asilimia 45 ya wagonjwa wangeweza kukwepa au kuchelewesha, na humo ndani imo kutosikia, imo kutoona ambako hakujatibiwa, umo upweke, presha, sukari, kutojongea. Baba mdogo tulimpeleka kupimwa wiki ileile. Sikio moja lilikuwa limeziba kwa nta tu, likasafishwa. La pili ni tatizo kweli, tunachanga kifaa. Ila kwa hilo moja tu amerudi barazani, na amerudi na ubishi wa miaka miwili.

Nyumbani tulikaa kikao, mimi na mama na binti na dada kwenye simu. Nilitaka kurudisha kila kitu, mama akasema usiwe na wazimu. Choo cha kukaa kinabaki, tumeongeza bomba la kushikia ukutani, kwa sababu nesi alilisisitiza sana hilo, kudondoka ni sababu ya pili ya vifo vya ajali duniani baada ya barabara, na mzee akishavunjika nyonga mambo yanakuwa mengine. Taa ya korido imewekwa. Vile vizulia vinavyoteleza nimevitoa, na ndala zilizokwisha soli mama alizitetea kama mirathi lakini zimekwenda. Sofa moja imepanda juu, fundi ameiongezea miguu na godoro gumu. Mkeka umerudi.

Na mbuzi ikatoka stoo. Vumbi, meno yameshika kutu, nikampelekea fundi akayanoa. Siku ya kwanza mama hakuweza kushuka mpaka chini kabisa, akaanzia kwenye kigoda, baada ya wiki akashuka kwenye mbuzi huku ameshika ukuta. Nazi moja tu. Kuinuka ilikuwa kazi, anaweka mkono kwenye goti, bismillahi, anapanda. Binti akakimbia kumshika nikamzuia, na kusema kweli ile kumzuia ilinipa shida kuliko yeye, maana miguu yako yote inataka kwenda. Wali wa siku hiyo ulichelewa mpaka saa tisa. Tui la blenda na tui la mbuzi si kitu kimoja lakini, hilo sisemi kwa ajili ya afya.

Nilipanda basi kurudi Dar mama ana wiki tatu za mazoezi hayo, boda amebaki wa Jumapili tu, Jumatano anakwenda kwa mguu na kurudi na bajaji kama kapu ni zito. Kwenye kiti cha plastiki alikuwa amefika mara nne bila kushika. Nesi amempa hesabu ya mara nane ifikapo mfungo.

Juzi Alhamisi binti wa kazi kanipigia analia nusu. Anasema kaka, bibi ananinyang'anya kazi, anafagia yeye, anakuna yeye, mimi nimebaki kuosha vyombo, kama hamnitaki mniambie nirudi kwetu. Nikamwambia hapana, mshahara uko palepale, nenda kajifunze cherehani mchana, ada nitalipa. Akanyamaza kidogo. Akasema basi kaka nunua mbuzi nyingine, maana yule bibi wa vitumbua siku hizi anakuja kila jioni na nazi zake wanakuna pamoja na bibi, na mbuzi ni moja, wanagombania.

Nimezunguka Kariakoo Jumamosi nzima. Wananionyesha mashine za umeme, wananionyesha za bati. Mama kasema ya mvule, na iwe fupi.